Mhina mmoja ni kichaka? Nina vibao 64 vya kuandika, naomba msaada

Mama Viriba

Wakuu, habari za jioni. Niseme mapema kwamba mimi si msomi wa mimea, ni muuza miche. Kitalu changu kiko kando ya barabara ya Bagamoyo, huu mwaka wa 11 niko hapo hapo, viriba vimepangwa mpaka ukingoni mwa mtaro.

Shule moja ya msingi inatengeneza bustani. Wamenunua miche kwangu, wakanipa na kazi ya vibao. Kila mmea uandikwe jina la Kiswahili, jina la kitaalamu, na kundi lake. Majina ya kitaalamu wameniletea kwenye karatasi. Makundi ni matatu: MTI, KICHAKA, MMEA LAINI. Vibao 64. Seremala jirani akanikatia vipande vya mbao, nikanunua rangi nyeupe na brashi ndogo, nikasema hela ya mboga imejileta yenyewe.

Nikaanza na mhina kwa sababu ulikuwa karibu. Karatasi ilisema kichaka, nami nikaandika: MHINA. Lawsonia inermis. KICHAKA. Nikauchomeka kwenye udongo wa kiriba. Wakapita watoto wanatoka shule, mmoja akasoma kwa sauti, akasimama. "Bibi, kichaka chenyewe kiko wapi?" Nikamwonyesha mhina. Akauzunguka, unamfika kifuani, akachungulia chini, akasema, "Hapa hata huwezi kujificha."

Wenzake wakacheka, mimi nikacheka, wakaenda zao. Nimebaki na brashi mkononi tangu Jumanne.

Maana mtoto kasema kweli. Mimi nikisikia kichaka naona mahali. Nyoka ametoka kichakani, mbuzi kapotelea kichakani, mlevi kaamkia kichakani. Ni mimea mingi imesongamana, imeshikana, huoni ndani. Mhina mmoja uliosimama peke yake kwenye kiriba cha shilingi mia utauitaje kichaka? Ni kama kumwona mzee mmoja amekaa barazani ukasema huo ni mkutano.

Na kitalu chetu nacho hakinisaidii. Huku hatutamki kichaka hata siku moja. Mteja anashuka kwenye gari anasema, "Nataka maua." Maua kwa mteja ni kila kitu kisicho cha matunda wala cha kivuli, hata kama hakijawahi kuchanua tangu kiumbwe. Yuko mama alinunua miashoki 30, baada ya miezi akanipigia kunishukuru kwamba maua yameshika vizuri. Miashoki! Ile ukiiacha inapita paa la ghorofa. Halafu mteja akishasema maua anauliza: linatanda? Linapanda? Linatambaa? Ni la fensi? Hayo ndiyo makundi yetu. La kutanda ni lile ukilikata kichwa linatoa matawi pembeni na kujaa. La kupanda linataka ukuta. Nikipeleka makundi hayo kwa mwalimu mkuu atanirudisha na brashi yangu.

Nikafikiri labda lugha yenyewe itaniongoza, si miti yetu yote inaanza na m: mwembe, mkorosho, mpera, mzambarau? Lakini mchicha nao una m. Mpunga, mtama. Mgomba, ambao ukiupiga panga unakatika kama kitunguu. Hiyo m haina habari na ugumu wa shina.

Kwenye ile karatasi mkomamanga umeandikwa "kichaka au mti mdogo". Sasa na mimi niandike "au" kwenye kibao? Ina maana hata waliosoma hawajaamua? Mnazi wameuweka kwenye miti, mpapai wameupigia alama ya kuuliza, mbaazi wameandika kichaka. Naomba anayejua anisaidie: mmea mmoja mmoja wa namna ya mhina una jina gani kwa Kiswahili? Na mti unaanzia wapi?

---

Kisiki cha Mpingo

Andika UA kwenye vibao vyote 64, chukua hela, wageni wakiuliza wewe hukuwepo.

---

Korja Ishirini

Dada, salamu kutoka Lamu. Mimi ni mtu wa boriti, tangu babu hadi babangu hadi mimi, kwa hivyo nitasema ninachokijua na hicho kingine nitawaachia wasomi.

Sisi hatuulizi mti ni mrefu kiasi gani. Twauliza utatoa nini. Ule mkoko ukiwa mwembamba kama kidole gumba, hiyo ni fito. Ukinenepa kidogo ni pau. Ukizidi ni mazio, halafu boriti, halafu nguzo, na ile minene kabisa ni banaa. Twauza kwa korja, korja moja ni miti 20. Kijana akija kazini siku ya kwanza hafunzwi jina la mti, hufunzwa kushika: ukiukumbatia kwa kiganja vidole vikakutana ni kitu chengine, visipokutana ni kitu chengine.

Na usidhani ni hesabu ndogo hiyo. Majahazi yalikuwa yakibeba boriti za Lamu na za Rufiji mpaka Uarabuni, kule kusiko na miti ya kujengea. Hata ukiingia nyumba za mawe za zamani, za huku kwetu au za Unguja, utaona chumba kirefu lakini chembamba. Si kwamba waliojenga walipenda ujia. Dari hulala juu ya boriti, na boriti haiwi ndefu zaidi ya mkoko ulivyojaaliwa. Mti ndio uliopima chumba.

Sasa hilo la kichaka. Kuna mti waitwa mkandaa, gome lake ndilo la kutia rangi ngozi na nyavu. Kwenye matope mazuri, maji yaingia na kutoka, mkandaa hukupa mti ulionyooka, mtu hujengea nyumba. Lakini nenda nyuma kule juu, maji ya bahari yafika kwa bamvua tu, yale maji makubwa, chumvi imejaa mpaka ardhi yang'aa. Mkandaa ule ule, mbegu ile ile, hukufika kiunoni, umejipinda, hautoi hata fito moja. Aje mtaalamu aniambie, huo ni mti ama ni kichaka? Sisi twauita mkandaa na maisha yaendelea. Mchu nao vivyo hivyo, pengine hukuta ni mkubwa wa kukaa kivulini, pengine wauruka kwa mguu.

---

Mwalimu Tumba

Mama Viriba, shikamoo kama umenizidi umri. Nafundisha baiolojia Korogwe, na swali lako wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka kwa maneno mengine.

Kwanza nikutoe wasiwasi: ndiyo, waliosoma hawajaamua, na hawataamua. Mti na kichaka si koo mbili za mimea, ni maumbo mawili ya kukua. Ndani ya ukoo mmoja utakuta mti wa mita 30 na binamu yake asiyefika goti. Mbaazi iko ukoo mmoja na mninga na mkwaju. Umbo ni kama mwili wa mtu, mnene au mwembamba. Halikuambii baba yake ni nani.

Kilicho na mpaka wa kweli zaidi ni ugumu, yaani mmea unatengeneza mbao au hautengenezi. Ukibandua gome la mwembe mbichi utaona utelezi. Hapo kati ya gome na mbao kuna utando mwembamba sana ulio hai, na kila mwaka unaongeza mbao upande wa ndani na gome upande wa nje. Ndiyo maana shina linanenepa. Mhina unao utando huo, mkomamanga unao, mbuni unao, mwaridi unao, mbaazi inao. Mgomba hauna: lile unaloliona shina ni maganda ya majani yamekumbatiana, shina lenyewe la kudumu liko chini ardhini. Mpapai una kidogo, lakini ndani ni mwororo na wazi, huwezi kupasua kuni. Watu wengi huuita mmea laini mkubwa, na mimi nakubaliana nao.

Mnazi ndio mtego. Ni mrefu, ni mgumu, hutoa nguzo, lakini hauna ule utando. Hauongezi unene mwaka hadi mwaka kama mwembe. Ushahidi muulize mkwezi. Zile ngazi walizochonga kwenye shina miaka mingi iliyopita bado zipo vile vile, kingo zake hazijafunga. Chonga mwembe namna hiyo uone, jeraha litaota mdomo na mwisho litaziba.

Haya, kati ya mimea migumu, mti ni upi na kichaka ni kipi? Kawaida tunafundisha hivi: mti una shina kuu moja linalopanda kabla ya kugawanyika, kichaka hutoa mashina kadhaa tangu chini, na ni kifupi. Kifupi kiasi gani inategemea unayemuuliza. Watu wa Umoja wa Mataifa wanaopima misitu huanzia mita 5. Mita 5 haikushuka kutoka mbinguni, ni namba ya kurahisisha hesabu.

Na ugomvi huu ni wa kale. Mgiriki Theophrastus, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aligawa mimea makundi manne, mti, kichaka, kijichaka na majani, halafu mwenyewe akakiri kwamba mingine inavuka kutoka kundi hadi kundi. Wataalamu walioandika mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania walianza kutoa vitabu mwaka 1952 wakamaliza 2012. Miaka 60, zaidi ya aina 12,000. Fungua ukurasa wowote kati ya hivyo, "kichaka au mti mdogo" utakutana nayo mpaka uchoke. Hiyo "au" si uvivu. Mmoja aliukuta mmea kwenye mwamba, mwingine aliukuta bondeni penye maji, wote wawili waliandika walichokiona. Ndiyo hadithi ya mkandaa wa ndugu yetu wa Lamu.

Mfano mzuri kuliko yote uko huku Usambara: mchai. Kila mtu akiuona mchai anaona kitu cha kiunoni, juu umenyooka kama meza. Ukipita kwenye shamba lililotelekezwa huamini. Ni miti, imesimama, ina shina, unakaa chini yake. Umbo la meza ni la mkono wa mchumaji na panga la mkataji, si la mmea.

---

Mama Viriba

Mwalimu, marahaba, na asante sana. Hapo kwenye panga umenigusa.

Maana mimi ndiye ninayekata kichwa. Mche wowote wa fensi ukifika urefu wa mkono naukata ncha, wiki mbili tatu macho ya pembeni yanaamka, unatoa matawi matatu manne. Nisipoukata unakwenda juu kama mlingoti na mteja hautaki. Kwa hiyo hao mnaowaita vichaka nusu yao nimewatengeneza mimi na mkasi wenye kutu.

Na kuna kingine nakiona kila nikienda kwa shangazi Kisarawe. Kule walikokata miti ya mkaa, visiki vimechipua. Kisiki kimoja kinatoa mashina sita, saba, yote membamba, yamefika kichwani. Kwa maelezo ya mwalimu hicho ni kichaka, mashina mengi tangu chini, kifupi. Lakini shangazi anakwambia kabisa huu ni mti fulani, ulikuwa mkubwa, tuliuona, akina fulani waliukata mwaka fulani. Mikaratusi ya mirunda ndiyo hivyo hivyo, kata mmoja utavuna minne. Kibao kitaandikwaje hapo? ULIKUWA MTI?

Korja, kumbe vyumba vya Lamu vilipimwa na mkoko! Nimemsomea mume wangu akasema ndiyo maana.

Bado lakini hamjanipa neno. Mwalimu unasema kichaka. Nikakwambia mtoto alikataa.

---

Manyoni Kati

Mtoto yuko sahihi, msimfundishe vibaya.

Mimi ni wa Itigi, na kama kuna watu wanaojua kichaka nchi hii ni sisi. Ukitoka stesheni ukaacha barabara unakutana nacho: mita 3, mita 5, hakuna mti uliojitokeza juu, yote imelingana kama nywele zilizochanwa. Kiangazi majani yote yanapukutika unadhani pamekufa, mvua ya kwanza tu panazibika tena. Mtu mzima hupiti umesimama. Tembo anapita, na sisi tunafuata njia ya tembo. Wataalamu wa nje wamekuja mara nyingi kupasoma kwa sababu kichaka cha namna ile kiko kwetu na kinaendelea kule upande wa Zambia karibu na Ziwa Tanganyika.

Sasa sikiliza. Ndani ya kile kichaka kila mmea una jina lake kwa lugha za kule. Wazee wanakutajia mmoja mmoja, huu wa kamba, huu wa fito, huu wa dawa ya tumbo, huu usichomee nyama. Hutasikia mtu anaushika mmoja akasema "hiki ni kichaka". Kichaka ni wao wote pamoja. Ukikata mmoja, kichaka bado kipo. Ukikata wote, kichaka hakipo, lakini hujui ni yupi aliyeondoka nacho.

---

Bi Kikuba

Mama Viriba mwanangu, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia huku, mimi nasema yeye anagonga. Nipo Unguja, shamba.

Mhina mimi ninao miwili, mmoja nimeukuta kwa mama mkwe. Haujawahi kuitwa kichaka nyumba hii. Ni mhina. Siku ya harusi wanakuja wanawake wanachuma, wanatwanga, wanaondoka, wenyewe unachipua. Shina lake chini ni kubwa kama kigoda, limekatwa na kukatwa miaka yote hiyo.

Marehemu mama yangu alikuwa na neno lake. Alikuwa akisema mti ni kile kinachoacha kisiki. Ukikata mchicha huna kisiki, ukikata mgomba unaoza unabaki tope. Ukikata mhina, kisiki kipo, ukijikwaa utakijua. Basi mhina ni mti. Mdogo, lakini mti. Na mtoto mdogo si mtu?

Maua ya kikuba, kile kishada cha harufu cha wanawake, nayachuma humu humu uani: rehani, asumini, mkadi nautoa kwa jirani, na mkilua. Nyinyi wa bara mkilua mnaujua? Si mrefu, ua lake linaning'inia, halina mbwembwe kulitazama, lakini weka moja tu kwenye kanga uone. Huo nao mjukuu ananiambia huko kwenye vitabu umeandikwa "kichaka au mti mdogo". Nimecheka.

---

Mwalimu Tumba

Bi Kikuba, shikamoo. Huo mkilua wako una heshima ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1970 mtaalamu Bernard Verdcourt alipouweka kwenye maandishi aliona haufanani na jamaa zake kiasi cha kuupa jenasi yake peke yake, na jina alilochagua ni Mkilua. Mkilua fragrans, hivyo hivyo, na m yetu mbele. Kwa kawaida Kilatini ndicho kinachokuja kutusumbua kwenye vibao. Hapa ni Kiswahili cha akina mama wa pwani kilichoingia kwenye Kilatini. Mama Viriba, kama huna mche wa mkilua kwenye hiyo bustani, tafuta. Kibao chake utaandika jina mara moja tu.

Kisiki ni kipimo kizuri kuliko mita 5, nitakiiba.

Ila nikubali jambo. Vitabu vya shule tumefanya kama seremala aliyekosa msumari wa kipimo: tulihitaji neno la umbo la mmea mmoja, tukachukua neno la mahali. Limezoeleka darasani, na sisemi liondolewe. Lakini kwenye kibao kinachosomwa na mtoto aliyesimama mbele ya mmea mmoja, naona mwalimu mkuu angekubali "mti mdogo".

---

Kihamba cha Babu

Na masale mtayaweka wapi? Kwetu Kilimanjaro mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ni masale, ukikosana na mtu ukaenda na jani la sale mkononi hawezi kukufukuza. Shina gumu, linachipua tangu chini, linafika juu ya kichwa. Lakini majani yake ni ya mistari kama ya mhindi, na nimeambiwa liko upande wa mnazi na mgomba, si upande wa mwembe.

---

Mwalimu Tumba

Umeambiwa kweli. Liko upande huo, halina ule utando wa mwembe, lakini limejitengenezea njia yake nyingine ya kunenepa, kwa hiyo sale la miaka mingi linakuwa na shina nene kweli. Limetuvurugia wote. Kwa kisiki cha Bi Kikuba ni mti.

---

Kisiki cha Mpingo

Kwa kuwa mmenitaja kisiki mara zote hizi, niseme la maana mara moja. Nachonga, na jina langu si la mchezo. Mpingo ukiuona porini hauna sura. Mara nyingi mfupi, umepinda, mashina mawili matatu tangu chini, miiba. Kwa kipimo cha mwalimu ungeandikiwa kichaka. Nje mbao yake ni nyeupe ya manjano, hiyo ni mbao changa. Ukiipita unafika moyo, mweusi, na kipande cha moyo ukikitupa majini kinazama. Ili moyo ufikie unene wa kuchongeka inabidi usubiri miongo mingi, anayeupanda hauchongi yeye. Nani atamwambia Mmakonde kwamba anachonga kichaka?

Halafu ule ushauri wangu wa UA nimeuondoa.

---

Mama Viriba

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya, mvua ilinibebea viriba.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu na simu mkononi nikamsomea, nikaanza na yule mtoto. Kumbe mtoto ni wa darasa la tatu pale pale kwake. Tumekubaliana mstari wa tatu wa kibao usiseme kundi, useme shina. Nimetengeneza maneno yangu mwenyewe, mtanisahihisha: SHINA MOJA GUMU, hiyo ni miembe, mkwaju, mzambarau. MASHINA MENGI MAGUMU TANGU CHINI, mhina, mwasumini, mbuni. SHINA LAINI, mgomba, mchicha, na mpapai nimeuweka hapo kwa ruhusa ya Mwalimu Tumba. Mnazi nimeandika SHINA MOJA GUMU na chini kwa herufi ndogo HALINENEPI, kwa sababu nimemuuliza mkwezi wa hapa akanipeleka kwenye mnazi wa ngazi za baba yake, nimetia kidole kwenye tundu, kingo ni kavu kama juzi.

Mkomamanga nimeandika UNATEGEMEA MKASI. Mwalimu mkuu alitaka kukataa, nikamwambia aje kitaluni nimwonyeshe miwili ya mama mmoja, mmoja nimeukata na mmoja sikuukata. Amekuja. Kibao kimebaki.

Kichaka nacho hakikuachwa. Nyuma ya choo cha zamani kuna kona imejiotea yenyewe, lantana, mbono kaburi, mnyaa uliotoka kwenye fensi ya jirani, na vingine sivijui. Nimechomeka kibao kimoja tu hapo mbele, KICHAKA, na kingine nimeongeza bure: MNYAA, USIGUSE UTOMVU, UNAHARIBU MACHO. Hicho ndicho watoto wanachokisoma zaidi.

Mkilua sijaupata. Bi Kikuba, shikamoo, nakuomba mbegu kwa mtu yeyote anayepanda boti, nitampokea bandarini mwenyewe.

Nimebakiwa na kibao kimoja, cha mbaazi. Mimi mbaazi kwangu ni shamba, unapanda, unavuna, unang'oa. Lakini pale shuleni kuna moja aliyoiacha mlinzi, huu mwaka wa tatu, imefika juu ya dirisha la darasa, shina kama kifundo changu cha mkono. Nilipanga niende nikaiangalie vizuri ndipo niandike. Leo asubuhi nimefika nimekuta mpishi kaikata kuni za uji.

Kisiki kipo. Nimekipiga teke, kigumu.